Saa 3 Kamili Nilikuwa Nimeshika Kichwa cha Mtoto

Mwaka jana usajili wa kongamano letu la wakunga ulifunguliwa saa 3 kamili asubuhi. Ilipofika saa 3 na dakika 19, nafasi zote 300 zilikuwa zimekwisha. Kwenye kundi la kamati ya maandalizi watu walitumiana makofi na maua, na mimi nikatuma yangu. Tuliona ni heshima kubwa kupendwa kiasi hicho.

Jioni ukaingia ujumbe kwenye barua pepe ya kamati. Ilikuwa zamu yangu ya kujibu.

"Dada, habari za kazi. Mlipofungua saa 3 nilikuwa leba, kitanda cha nne, mama wa mimba ya kwanza. Kichwa cha mtoto kilikuwa mkononi mwangu. Simu ilikuwa kabatini kama utaratibu unavyotaka. Nilisubiri kondo la nyuma, nikamkagua mama, nikamweka mtoto kifuani kwake, nikajaza kitabu, nikanawa. Nilipoishika simu ilikuwa saa 4 na robo, nikakuta mmeandika nafasi zimejaa. Siombi kupitishwa mlango wa nyuma. Nauliza tu, mlitaka nifanye nini?"

Nilimjibu kwa mistari sita. Nilimshukuru kwa nia yake, nikamweleza kwamba walioomba walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, nikamsihi mwakani awahi.

Awahi.

Neno hilo lilinikaa kooni kwa wiki saba.

Mikono mitupu

Nililipeleka suala lake kwenye kikao. Mwenzetu mmoja, mtu mwema kabisa, akasema: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wengine wakaitikia. Mimi nikabaki na lile neno mwana. Huyu dada hakuchelewa popote. Alikuwa na mwana wa mtu mikononi.

Usiku ule nikaifungua orodha ya waliopata, nikaisoma jina kwa jina. Walikuwamo walimu wa vyuo, wasimamizi wa wodi, maofisa wa miradi. Wakunga wa leba walikuwamo pia, ila nilipowauliza wachache ninaowafahamu, karibu wote walikuwa mapumziko siku ile au wametoka zamu ya usiku. Hospitali moja kubwa iliingiza watu 14 kwa dakika mbili, wote kupitia barua pepe moja. Siwalaumu. Kuna mtu wa ofisi alikabidhiwa kazi hiyo, akaifanya sawasawa.

Lakini hapo ndipo nilipoona tulichokuwa tukikipima. Nilidhani tunapima hamu ya kujifunza, kumbe tulikuwa tunapima nani saa 3 asubuhi ana mikono mitupu. Na katika kazi yetu, mwenye mikono mitupu saa hiyo mara nyingi ni yule aliyeshatoka kitandani mwa mgonjwa akahamia mezani.

Fani nyingine zimeshapita njia hii. Mwaka 2018 kongamano la NeurIPS, la watafiti wa akili bandia, lilijaza nafasi za mkutano mkuu kwa dakika 11 na sekunde 38. Mwaka uliofuata waandishi wa makala zilizokubaliwa walitengewa nafasi zao, na umma ukaingizwa kwenye kura. Mkutano wa Apple wa waunda programu ulijaa mwaka 2013 bila kumaliza dakika 2. Mwaka 2014 wakahamia kwenye kura. Habari hizi zilinifariji kidogo, kisha zikaniongezea uzito. Mtu wa kompyuta, saa ya usajili ikifika, angalau yuko mbele ya kompyuta.

Leba hatufuati foleni

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba sisi wakunga, kuliko watu wengine, tulipaswa kulijua hili.

Wakija akina mama watano kwa wakati mmoja hatuwaulizi nani kafika kwanza. Anayetokwa damu anapita mbele, hata kama ameshuka kwenye gari sasa hivi na wenzake wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Hakuna anayeona ni dhuluma. Yule wa alfajiri mwenyewe anasogeza miguu ili kitanda kipite.

Basi nikafikiri jibu ni jepesi: tugawe viti kama tunavyogawa vitanda, mwenye uhitaji mkubwa atangulie. Tukakubaliana kujaribu. Tuliwaandikia wakunga 20 wa kujitolea, kila mmoja atuletee barua fupi ya kueleza kwa nini anahitaji kuja. Watatu kati yetu tukazisoma kila mtu peke yake na kuzipa alama.

Tulipoziweka alama zetu pamoja tulinyamaza. Barua niliyoipa 9 mwenzangu alikuwa ameipa 4. Barua tuliyokubaliana sote watatu kuwa bora ilikuwa ya mtu aliyesomea uandishi wa maandiko ya miradi, na kila sentensi yake ilijua inakokwenda. Barua ya mkunga anayefanya kazi na mwenzake mmoja tu katika kituo kizima ilikuwa na mistari minne. Tulimpa alama za chini kwa sababu hakujieleza vya kutosha.

Nilirudi kuusoma ujumbe wa yule dada wa kitanda cha nne. Kwa mizani yetu angepata 5.

Damu inaonekana kwa macho, na shinikizo la damu lina kipimo. Uhitaji wa kwenda kongamano hauna kipimo cha kufunga mkononi. Unachopata ni maneno, na anayejua maneno ndiye anayepita.

Bei sitaizungumzia sana. Kuna aliyependekeza tupandishe ada hadi waombaji wapungue wenyewe. Wangepungua kweli, na tunajua wangekuwa akina nani.

Kura

Lugha yetu inatumia neno moja, kura, kwa mambo mawili. Unapiga kura kumchagua kiongozi, na mnapiga kura kuamua nani apate kitu kisichotosha. Neno lenyewe tulilichukua kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni hii ya pili. Waathene wa kale hawakuona ajabu yoyote hapo: wajumbe 500 wa baraza lao waliwapata kwa kura ya namna hii, si kwa kuchaguliwa.

Nalisema hili kwa sababu nilipoitaja kura kwenye kikao, watu walisikia bahati nasibu, na bahati nasibu inanuka kamari. Aliyesimama kupinga alikuwa mama mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha mimi mwenyewe kugeuza mtoto.

"Mwanangu," akaniambia, "nimezalisha miaka 25. Leo jina langu likorogwe kwenye beseni moja na la mtu aliyeomba kwa sababu rafiki yake ameomba?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Shikamoo mama, nipe wiki moja," nikaenda kutafuta.

Nilichokikuta kilimuunga mkono. Uholanzi, tangu miaka ya 1970, iliwachagua wanafunzi wa udaktari kwa kura yenye uzito: aliyefaulu vizuri zaidi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa jina lake kutoka, lakini hakuna aliyehakikishiwa. Katikati ya miaka ya 1990 msichana mmoja mwenye wastani wa 9.6 kati ya 10 alikosa mara tatu mfululizo. Nchi nzima ikapiga kelele, na baadaye wenye wastani wa 8 na kuendelea wakaanza kuingizwa moja kwa moja. Mwaka 2017 kura ikafutwa kabisa, vyuo vikatakiwa kuchuja kwa usaili, mitihani na barua. Kisha sheria ikabadilishwa tena, na tangu 2023 vyuo vinaruhusiwa kurudi kwenye kura. Mojawapo ya hoja za kuirudisha ni kwamba mchujo ule uliwapendelea watoto wa nyumba zenye uwezo, waliojua jinsi ya kujiandaa.

Nimeisoma habari hii mara nyingi. Kila upande umeonja uchungu wake. Kura iliwaumiza watu waziwazi, mbele ya macho ya wote. Mchujo uliwaumiza kimya kimya, na aliyeumizwa akarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ndiye hafai.

Nikarudi kwa mama. Nikamwambia nakubaliana naye kwamba kura haijui nani kafanya kazi. Kwa hiyo yale tunayoyajua kwa hakika tuyaamue wenyewe kwanza, kwa majina yetu, mbele ya watu: wakufunzi, watoa mada, wanaoendesha mazoezi ya vitendo. Tukifika mahali ambapo hatuwezi tena kutofautisha mtu na mtu bila kujidanganya, hapo tuache kujidanganya, tupige kura.

Hakusema ndiyo. Aliuliza, "Na hicho kiti ni cha nani?"

Kiti ni cha nani

Nilidhani ananitega. Baadaye niliona ndilo swali lililobaki.

Fikiria mada tuliyopanga kuifundisha kwa vitendo mwaka huu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulijaribu kitu kidogo mno ukikitazama. Mama akishajifungua unatandaza chini yake mfuko wa plastiki wenye vipimo, damu inaingia humo, na wewe unasoma ni kiasi gani badala ya kukisia kwa kuangalia shuka. Ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yanatolewa kwa pamoja, hakuna kujaribu moja na kungoja. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji na vifo vinavyotokana nako, vikihesabiwa kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60.

Jambo hilo akilishika mtu mmoja wa leba, kesho yake analijua kila mtu wa zamu. Hospitali iliyoleta watu 14 ingelijua hata kwa kuleta watatu. Kituo chenye wakunga wawili, kisipoleta hata mmoja, hakilijui.

Kwa hiyo kiti hakikuwa zawadi ya mtu. Nilikuwa nimekosea tangu mwanzo nilipokuwa nikitafuta nani anastahili. Kiti ni cha wodi, na mtu anakwenda kukikalia kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipompigia simu yule dada kwa mara ya kwanza. Kabla ya salamu kwisha niliuliza kuhusu mtoto wa kitanda cha nne, jambo ambalo katika ile mistari sita sikuwa nimeliuliza. Wa kike, akasema, kilo 3 na gramu 200, alilia papo hapo. Kisha nikamsomea mpango wetu wa kura.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa dada," akasema. "Sisi tuko wawili. Tukiomba wote na majina yetu yote yakatoka, nani atabaki leba?"

Kamati ya watu tisa ilikuwa imekaa vikao vitatu bila kuliona hilo.

Fomu mpya ina mstari ambao umetokana na swali lake. Wakunga wa kituo kimoja wanaweza kuandika: mmoja wetu tu. Majina yao yanafungwa pamoja kama karatasi moja, na ikitoka, wanaamua wenyewe nani aende. Kituo kinachoingiza watu wengi hakizuiwi, ila hakipati zaidi ya viti vitatu. Na viti 80 vinapigiwa kura kwanza kati ya vituo ambavyo havijaleta mtu kwa miaka miwili. Vikikosa humo, vinaingia tena kwenye kura ya wote.

Kwa nini 80 na si 100? Hakuna hesabu ya kulitetea hilo. Tulibishana, tukafika hapo, na tumeandika kwamba ni uamuzi wetu ili atakayeupinga ajue pa kuupeleka.

Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu

Kuna jambo moja la kura ambalo huwa halisemwi. Tuseme wanaomba watu 900 kwa nafasi 300. Kila mmoja ana uwezekano wa moja kwa tatu, na ukilitazama kwa mwaka mmoja hakuna wa kulalamika. Lakini mwachie mtu huyo aombe miaka mitatu mfululizo. Uwezekano wa kukosa yote mitatu ni theluthi mbili, mara theluthi mbili, mara theluthi mbili. Hiyo ni karibu watu 30 katika kila 100. Watu 30 wameomba kila mwaka, hawajaona hata mlango wa ukumbi, na wenzao wengine wameingia mara mbili au tatu.

Haki ya siku moja si haki ya miaka.

Ndiyo maana anayekosa mwaka huu mwakani ataingia na karatasi mbili, na akikosa tena, tatu. Aliyepata anaanza upya na moja. Nina wasiwasi kwamba baadhi wataomba bila nia ya kuja, ili kujilimbikizia karatasi. Tumeweka kwamba atakayechaguliwa akakataa anarudi kwenye moja. Sijui kama inatosha, tutaona.

Beseni

Mwanzoni tulitaka kuchota karatasi kwenye beseni. Nilifanya jaribio nyumbani: nikakata karatasi 100, nikaziandika namba, nikazikunja, nikazimimina kwa mpangilio zilivyokuwa, nikakoroga kwa mkono. Nikachota 30. Kati ya hizo, 19 zilikuwa namba za juu ya 60. Nilizimimina mwisho, zikabaki juu. Nilidhani nimekoroga vizuri.

Marekani walifanya kosa hilohilo kwenye jambo zito kuliko letu. Desemba 1969, kura ya kuwaita vijana vitani Vietnam ilipigwa kwa vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa. Havikuchanganywa vya kutosha, na waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka wakaitwa mapema kuliko ilivyopasa. Kompyuta nayo si kinga. Mwaka 2011 matokeo ya kura ya viza za ukaazi, ile ambayo wengi mnaiita kura ya green card, yalifutwa baada ya watu wapatao 22,000 kuambiwa wamepata. Programu ilikuwa imechagua asilimia 90 ya majina kutoka siku mbili za kwanza za maombi.

Siku mbili za kwanza. Waliowahi.

Tukaacha beseni. Wahandisi wa IETF, wanaoandika kanuni za intaneti, wana njia ya kuchagua wajumbe wa kamati yao ya uteuzi ambayo ilichapishwa mwaka 2004 kama RFC 3797. Orodha ya majina yenye namba inatangazwa kwanza na kufungwa. Inatangazwa pia kwamba mbegu ya kura, yaani namba ya kuanzishia hesabu, itatokana na namba ambazo bado hazijatoka, kama vile za bahati nasibu ya taifa fulani ya siku fulani ijayo. Namba zikishatoka hadharani, yeyote anazitia kwenye fomula na kupata majina yaleyale. Huhitaji kumwamini mtu yeyote, maana hakuna anayeweza kuzigusa.

Sisi tulitangaza namba za waombaji bila majina, watu wasije wakasemwa kazini. Tulifunga orodha Ijumaa. Namba za mbegu zilitoka Jumapili usiku. Yule mama aliyenifundisha kazi alimleta mjukuu wake anayesoma kompyuta, wakakaa pembeni, wakarudia hesabu yote kwenye simu. Ilichukua dakika kama 40. Alipomaliza alinyanyua uso akasema, "Ni ileile." Jina lake mama halikutoka.

Aliniaga kama kawaida yake, kwa kunishika bega. Hakusema kama ameridhika, nami sikumuuliza.

Orodha ya kusubiri

Kura ileile iliwapanga na waliokosa, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyepata ana siku saba za kuthibitisha. Akishindwa kuja, kiti hakipewi rafiki wala mwenzake wa ofisi, kinarudi kwetu na kumwendea anayefuata. Hili lilileta maneno mengi kuliko yote, kwa sababu watu wamezoea kupeana. Lakini kiti kinachopeanwa chini kwa chini kinarudi mikononi mwa wenye kujuana, na kazi yote tuliyoifanya inamwagika hapo.

Karatasi ya yule dada na mwenzake haikutoka kwenye viti 80, wala kwenye kura ya wote. Wako namba 41 kwenye orodha ya kusubiri.

Nilimpigia mwenyewe, sikutaka asome tu. Alisema ameshaona, na kwamba mwenzake alirudia hesabu wakiwa zamu ya usiku, leba ikiwa imetulia. Akauliza tu tunapiga simu za orodha siku zipi.

Jumatatu na Alhamisi, nikamwambia, na ukiwa leba usihangaike na simu, nafasi yako inakusubiri siku saba.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi nimempigia namba 38.